Porto: Mji uliobomoa ukuta wake na kubakiza makanisa

MTU anayeingia Porto kwa miguu akitokea kusini, akiuvuka Mto Douro juu ya daraja la chuma la Luiz I, huona mambo mawili kabla hajafika ng'ambo. Kushoto kwake, juu ya kilima cha mawe, limeketi kanisa kuu lenye minara miwili na kingo zilizochongwa meno kama za ngome. Kulia kwake, ukuta mrefu wa mawe ya matale unateremka genge kuelekea mtoni pamoja na minara yake ya mraba, kisha unakatika ghafla kana kwamba waashi waliitwa kwenda kula wasirudi tena.

Pengo hilo si kazi ya mzinga wa adui. Ukuta wa Porto ulibomolewa na wenyeji wenyewe, kwa amri za wakuu wao, kipande baada ya kipande, kuanzia nusu ya pili ya karne ya 18 hadi ndani ya karne ya 19. Kilichosalia aghalabu kilisalia kwa kuwa palikuwa na mtu aliyekuwa akikitumia. Nyumba iliyouegemea ukuta iliuokoa ukuta; masista waliokuwa na bustani yao chini ya mnara waliuokoa mnara. Kwa hiyo historia ya mtaa huu wa kale, ambao UNESCO iliuorodhesha miongoni mwa Turathi za Dunia mwaka wa 1996, haisimuliki kwa mawe peke yake pasi na kuwataja watu waliokaa kati ya mawe hayo.

Kilima cha askofu

Kabla ya ukuta huo mkubwa palikuwa na mwingine mdogo, uliokizunguka kilima cha kanisa kuu tu. Kwa muda mrefu umeitwa ukuta wa Wasuevi, kabila la Kijerumani lililotawala pembe hiyo ya Rasi ya Iberia katika karne ya 5 na ya 6. Jina hilo linapotosha. Mabaki yanayoonekana leo ni ya karne ya 12, nayo yamekaa juu ya msingi wa Kirumi. Mzingo wake ulikuwa kama mita 750, ukiwa na malango manne. Mtu angeweza kuuzunguka wote na kurejea kabla chai yake haijapoa. Katika jumba moja la barabara ya Dom Hugo, nyuma ya kanisa kuu, wanaakiolojia waliochimba katika miaka ya 1980 walikuta tabaka juu ya tabaka za makazi, kuanzia Enzi ya Chuma, zikafuata za Warumi, hadi zile za Zama za Kati.

Barabara hiyo imepewa jina la askofu aliyeupata mji kama zawadi. Mnamo 1120 Dona Teresa, mamake Afonso Henriques ambaye baadaye alikuwa mfalme wa kwanza wa Ureno, alimkabidhi Askofu Hugo mji huo pamoja na mapato yake. Miaka mitatu baadaye askofu huyo aliwapa wakazi hati iliyoeleza haki na wajibu wao. Tangu hapo, askofu wa Porto hakuwa mchungaji wa roho tu, bali pia mwenye ardhi na mtoza ushuru. Mfanyabiashara aliyepiga magoti mbele yake Jumapili ndiye aliyelipa ada kwa mawakili wake Jumatatu, na ni vigumu kuamini kwamba alifanya yote mawili kwa moyo ule ule.

Kanisa kuu lilianza kujengwa katika karne hiyo hiyo ya 12. Umbo lake ni zito: kuta nene, madirisha machache, na juu ya mlango mkubwa dirisha la duara mithili ya waridi. Yale meno ya ngome hayakuwa pambo tu, kwa kuwa kanisa lililosimama juu kabisa ya mji ndilo lingekuwa kimbilio la mwisho iwapo malango yangevunjwa. Baadaye kila kizazi kiliongeza chake. Ua wenye matao ya mtindo wa Kigothi ulianzishwa mwishoni mwa karne ya 14, na mnamo 1736 Nicolau Nasoni, msanii Mtaliano aliyehamia Porto, alilijengea kanisa baraza la matao upande wa kaskazini. Ndani ya kanisa mna madhabahu ya fedha ambayo, kwa masimulizi ya mji, ilifichwa nyuma ya ukuta wa plasta ili askari wa Ufaransa walioingia mwaka wa 1809 wasiione.

Katika kanisa hili Mfalme João wa Kwanza alifunga ndoa na Philippa wa Lancaster, binti wa ukoo wa kifalme wa Uingereza, mwaka wa 1387. Mwana wao Henrique alizaliwa Porto mwaka wa 1394 akabatizwa papo hapo. Msomaji wa Pwani ya Kenya ana sababu ya kulikumbuka jina hilo. Safari za merikebu ambazo Henrique alizigharimia kando ya Afrika Magharibi ndizo zilizofungua njia iliyomfikisha Vasco da Gama Malindi mwaka wa 1498, miaka 38 baada ya Henrique kufariki.

Wakazi wa Porto nao wana kumbukumbu yao kuhusu mwanzo wa safari hizo. Wanasimulia kwamba mwaka wa 1415, merikebu zilipokuwa zikitayarishwa kwenda kuuteka mji wa Ceuta kaskazini mwa Afrika, mji ulitoa nyama yake yote kwa mabaharia ukabaki na matumbo. Iwe kweli au la, hadi leo watu wa Porto huitwa tripeiros, yaani wala matumbo, na mlo wa matumbo na maharagwe meupe ndio fahari ya meza zao. Mkenya aliyelelewa kwa matumbo hataona ajabu yoyote hapo.

Ukuta wa pili

Ugomvi wa ushuru ndio uliouteremsha mji kutoka kilimani hadi ukingo wa mto. Wafanyabiashara walikuwa wamejaa Ribeira, yaani gatini, ambako merikebu zilipakia divai, ngozi na chumvi. Mwaka wa 1325 Mfalme Afonso wa Nne alijenga nyumba ya forodha hapo hapo gatini, licha ya malalamiko ya askofu, ili sehemu ya mapato iingie katika hazina ya mfalme. Jengo hilo lingalipo, nalo huitwa Nyumba ya Henrique kwa kuwa inaaminika alizaliwa humo.

Ukuta mpya ulianza kujengwa karibu mwaka wa 1336 chini ya mfalme huyo huyo. Ulikamilika katika miaka ya 1370 wakati wa mjukuu wake, Fernando, ndiye uliyepewa jina lake ingawa kazi kubwa ilifanywa kabla hajatawazwa. Mzingo wake ulihesabiwa kuwa hatua 3,000 hivi na kimo chake futi 30, ukiwa na minara ya mraba na zaidi ya malango kumi, makubwa na madogo. Malango mengi yalikuwa upande wa mto, na hilo ladhihirisha kazi halisi ya ukuta huu. Ulijengwa kwa hofu ya vita, ni kweli, lakini vita havikuja kila mwaka. Kilichokuja kila siku ni mizigo. Mahali penye ukuta, bidhaa hazina budi kupitia langoni, na langoni hukaa mtoza ushuru.

Mkenya anayeijua Fort Jesus asidhani kwamba hii ni ngome ya aina hiyo. Ile ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1593, ilichorwa na Mtaliano Giovanni Battista Cairati wakati ambapo mizinga ilikuwa imebadili vita. Kuta zake ni nene na pembe zake zimetokeza ili kila upande ulindwe na upande mwingine. Ukuta wa Porto ni wa zama zilizotangulia. Ulikusudiwa kuzuia ngazi na mishale, kwa hiyo ni mrefu na mwembamba, na usalama wake ulitegemea walinzi waliosimama juu yake. Mji ulipozingirwa tangu 1832 hadi 1833, katika vita kati ya ndugu wawili Pedro na Miguel waliopigania kiti cha enzi, waliokuwa ndani walichimba mahandaki na kujenga vituo vya mizinga mbali nje ya ukuta huo. Wakati huo ulikuwa hauna tena la kuwasaidia.

Wenye mji walikuwa na ulinzi mwingine usio wa mawe. Kwa muda mrefu Porto ilikuwa na haki ya pekee: watu wa tabaka la juu, wale mabwana wa mashamba na mapanga, hawakuruhusiwa kumiliki nyumba ndani ya ukuta wala kukaa zaidi ya siku tatu. Wafanyabiashara walihofia kwamba bwana mkubwa akishaingia, wake zao, mizigo yao na amani yao havitakuwa salama. Haki hiyo iliondolewa mwanzoni mwa karne ya 16. Nayo mamlaka ya askofu juu ya mji yalikuwa yamekwisha miaka mia moja kabla, alipomwachia mfalme kwa malipo ya kila mwaka.

Ndani ya ukuta mpya mlibaki ardhi nyingi tupu, ikiwemo shamba la mizeituni upande wa magharibi. Hapo ndipo João wa Kwanza alipowaamuru Wayahudi wa Porto wahamie mwaka wa 1386, katika mtaa wao wenyewe ndani ya mji. Waliishi hapo kwa zaidi ya karne moja. Kisha Mfalme Manuel wa Kwanza akatoa amri ya mwaka wa 1496 ya kuwafukuza Wayahudi nchini, na mwaka uliofuata wengi wakabatizwa kwa nguvu. Mwishoni mwa karne ya 16, watawa Wabenedikto walianza kujenga katika eneo hilo kanisa na monasteri ya São Bento da Vitória.

Habari ingeishia hapo kama si ukarabati wa nyumba moja ya barabara ya São Miguel mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nyumba hiyo ilikuwa ikitengenezwa iwe makao ya wazee wa parokia. Mafundi walipoondoa ukuta wa uongo walikuta nyuma yake shubaka la mawe lililochongwa kwa ustadi, lililoelekea mashariki. Wanahistoria walilitambua kuwa ni mahali pa kuhifadhia magombo ya Torati, dalili kwamba baada ya ubatizo ule wa nguvu palikuwa na watu waliokutana humo kusali kwa siri. Katika mji uliojenga kuta mbili kubwa za mawe, huenda ukuta uliofanya kazi yake vyema kuliko zote ni huo mwembamba wa ndani ya nyumba.

Dhahabu ya maskini

Makanisa mawili makubwa ya watawa yalisimama karibu na ukuta, moja chini gatini na jingine juu gengeni. La gatini ni la São Francisco. Wafransisko walifika Porto katika karne ya 13 na kupingwa vikali na askofu, ambaye hakufurahia kuona sadaka za waumini zikienda kwingine. Kanisa lililopo lilianza kujengwa karibu mwaka wa 1383 na kukamilika katika robo ya kwanza ya karne iliyofuata. Kwa nje ni jengo la Kigothi lisilo na madaha mengi.

Aingiaye ndani hukuta ulimwengu mwingine. Katika karne ya 17 na ya 18, nguzo, matao na madhabahu vilifunikwa kwa mbao zilizochongwa maua, ndege, mizabibu na malaika, kisha zikabandikwa mabamba membamba ya dhahabu. Nakshi iliyo mashuhuri zaidi ni ule mti wa ukoo wa Yese, kazi ya Filipe da Silva na António Gomes ya kati ya 1718 na 1721, unaochipuka ubavuni mwa Yese aliyelala na kuwabeba wafalme wa Yuda kwenye matawi yake hadi kwa Bikira Maria. Ni vigumu kutoukodolea macho. Ni vigumu pia kusahau kwamba dhahabu iliyofurika Ureno wakati huo ilitoka Brazil, ikachimbwa na watumwa waliovushwa bahari kutoka Afrika, na kwamba yote haya yamo katika nyumba ya watawa waliokula kiapo cha ufukara.

Moto wa mwaka wa 1832, wakati wa ule mzingiro, uliteketeza makao ya watawa, lakini kanisa likaponea. Mashirika ya kitawa yalipigwa marufuku nchini Ureno mwaka wa 1834. Magofu ya makao hayo walipewa wafanyabiashara wa mji, nao tangu 1842 wakajenga juu yake jumba lao la fahari, Palácio da Bolsa. Kwa hivyo leo kanisa la ombaomba na soko la hisa la zamani hupakana ukuta kwa ukuta.

Lile la gengeni ni la Santa Clara. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka wa 1416 na kazi ikamalizika 1457. Mlango wake hauonekani barabarani. Mtu hupita kwenye ua ambao aghalabu wageni huupita bila kuujua. Nalo lilifunikwa dhahabu ndani, dari na yote, katika karne ya 18. Mbao hizo ziliharibiwa na unyevu na wadudu hata ikabidi kanisa lifanyiwe matengenezo makubwa yaliyomalizika mwaka wa 2021. Kwa kuwa uwanja wa masista uliishia kwenye ukuta wa mji, kipande hicho kilikaa mikononi mwao mji mwingine ulipokuwa ukibomoa vyake. Ndicho hicho kimuonekanacho anayevuka daraja.

Wabomoaji na warekebishaji

Kazi ya kubomoa ilianza kwa nia njema. Katika miaka ya 1760 João de Almada e Melo, aliyekuwa akiongoza mji kwa niaba ya serikali ya Marquês de Pombal, alitaka barabara pana zilizonyooka, hewa na mwangaza. Malango yalikuwa membamba na mikokoteni ilikwama. Yakaanza kuondoka moja baada ya jingine, na mawe yake yakaingia katika majengo mapya. Lango la Sant'Ana katika ukuta ule wa kwanza liliondolewa mwaka wa 1821. Almeida Garrett, mzaliwa wa mji huo, akaandika riwaya yenye jina lake. La Vandoma lilibomolewa 1855. Juu ya lango hilo palikuwa na sanamu ya Bikira Maria ambaye ni msimamizi wa mji, na aliyemo hata kwenye nembo yake. Sanamu ilihamishiwa kanisa kuu. Lango likawa mawe.

Kando ya mto mambo yalikwenda vingine. Huko nyumba zilikuwa zimejengwa zikiuegemea ukuta, na huwezi kuuondoa mgongo wa nyumba bila kuiangusha nyumba. Ukuta ukapunguzwa kimo ukawa njia ya kupita mbele ya milango ya watu. Sehemu moja ingali inaitwa ukuta wa bacalhoeiros, yaani wauzaji wa bacalhau, yule samaki aliyekaushwa kwa chumvi, jamaa wa ng'onda wa Pwani, ambaye Wareno hawawezi kumaliza juma bila kumla.

Wabomoaji walifuatwa na warekebishaji, ambao pengine walileta hasara isiyotambulika kwa urahisi. Mwaka wa 1926 mabaki ya ukuta yalitangazwa kuwa mnara wa taifa, na tangu mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920 idara ya serikali iliyosimamia majengo ya kale ilianza kulirudisha kanisa kuu katika sura yake ya Zama za Kati, au tuseme sura ambayo wasanifu wa wakati huo waliiona kuwa ndiyo ya Zama za Kati. Baadhi ya mapambo ya karne zilizofuata yaliondolewa. Ureno ilipojitayarisha kwa sherehe za kitaifa za mwaka wa 1940, nyumba zilizosongamana mbele ya kanisa tangu karne na karne zilibomolewa ili papatikane uwanja mpana. Katika ubomoaji huo uligunduliwa mnara wa kale uliokuwa umemezwa na nyumba. Ukavunjwa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya kando kidogo na mahali pake. Nguzo ya mawe iliyo katikati ya uwanja, ambayo watalii huipiga picha wakidhani ina umri wa kanisa, ilisimamishwa mwaka wa 1945.

Uwanja huo una mandhari nzuri ya mto, hakuna anayebisha. Lakini hakuna mtu wa Zama za Kati aliyewahi kuliona kanisa hilo kutoka mbali kiasi hicho. Yeye aliliona akiinua shingo kutoka kwenye kichochoro.

Watu wa Barredo

Vichochoro hivyo vilibakia Barredo, nyuma ya gati la Ribeira. Kufikia katikati ya karne ya 20 eneo hilo lilikuwa na ufukara wa kutisha: familia nzima katika chumba kimoja, paa zinazovuja, mafuriko ya Douro yakiingia ghorofa za chini. Mwelekeo wa serikali ulikuwa kuwahamishia watu kwenye mitaa mipya pembezoni mwa mji. Mwaka wa 1969 msanifu Fernando Távora aliongoza utafiti uliopendekeza njia nyingine: nyumba zikarabatiwe, msongamano upunguzwe, ila jamii ya Barredo ising'olewe.

Pendekezo hilo lilipata nafasi baada ya mapinduzi ya Aprili 25, 1974. Katika mwaka huo huo iliundwa afisi maalumu ya kufufua Ribeira na Barredo, iliyojulikana kwa kifupi kama CRUARB, nayo ikafanya kazi nyumba kwa nyumba hadi ilipovunjwa mwaka wa 2003. Inafaa kukumbukwa kwamba sifa ambazo UNESCO ilizitambua mwaka wa 1996 zilihifadhiwa kwa sehemu kubwa na kazi hiyo ya kuziba paa na kuingiza mabomba ya maji.

Tatizo lililofuata halikuwa ufukara. Parokia nne za mji wa kale, yaani Sé, São Nicolau, Vitória na Miragaia, zilikuwa na wakazi zaidi ya 13,000 katika sensa ya 2001. Mwaka wa 2011 walikuwa wamesalia kama 9,000. Wazee walifariki, vijana wakatafuta nyumba kwingine. Kisha zikaja ndege za bei nafuu na watalii kwa maelfu, na nyumba zilizokuwa zikibomoka zikaanza kununuliwa, kukarabatiwa na kukodishwa kwa siku mbili tatu. Paa zimepona. Aliyekuwa akilala chini yake mara nyingi hayupo tena, kwa kuwa kodi imempita kimo. Sheria ya mwaka wa 2018 ilizipa halmashauri za miji ya Ureno uwezo wa kutenga maeneo ambamo nyumba za kukodishia watalii zitawekewa kikomo, na mabishano kuhusu kikomo hicho hayajatulia.

Katika malango yote ya upande wa mto, limesalia moja tu: mlango mdogo uitwao Postigo do Carvão, uliopewa jina la makaa yaliyoingizwa humo kutoka merikebuni. Unaunganisha gati na barabara ya Fonte Taurina. Ni mwembamba, hauna pambo lolote, na upo wazi mchana na usiku.